Mkasi wa Fundi na Namba ya Mapengo

Sogeeni, enyi mliowahi kuambiwa "rudi kesho" mkarudi, nanyi mnaongoja faili lililokwenda kutafutwa na mtafutaji asionekane tena. Tulieni mzime simu, msikie habari za fundi cherehani aliyeingia ofisini na mkasi mkobani, akamkomboa bintiye kutoka kwa mwanamume wa miaka arobaini na mmoja ambaye, kwa mujibu wa ofisi, ndiye huyohuyo binti. Msiulize imekuwaje. Ofisi yenyewe haikujua.

Binti huyo nyumbani huitwa Mapengo, kwa kuwa meno yake manne ya mbele yalihama kwa mkupuo, naye alikuwa na miaka sita na begi jipya. Siku ya Jumanne fundi alimpeleka kuandikishwa darasa la kwanza. Mwalimu akaingiza namba ya cheti chake cha kuzaliwa, na kompyuta ikamkataa. Mwenye namba hiyo, ilisema kompyuta, alikwisha maliza shule zamani, ana leseni ya kuendesha lori, laini tatu za simu na mke mmoja. Jambazi asiyejulikana alikuwa ameivaa namba ya mtoto na kutembea nayo mjini kifua mbele. Na daftari la shule lilikuwa lifungwe Ijumaa saa sita mchana. Asiyeandikwa hadi saa hiyo, mwakani.

Vita vya kwanza vikapiganwa nyumbani, dhidi ya mume.

"Ni wewe na hiyo simu yako! Cheti cha mtoto unakirusha kwenye kundi la ukoo, watu mia mbili, nusu yao hata hatuwajui!"

"Haki ya Mungu, mama Mapengo, nilituma picha ya mtoto tu. Cheti sijawahi kukigusa."

Hakusadikiwa. Siku tatu alikula chakula akiwa amenuniwa.

Ijumaa ilipopambazuka, fundi akajifunga kibwebwe, akaitupia shingoni futi yake ya kupimia, akautia mkobani mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa vizito, maana kutoka ofisi ya vyeti vya kuzaliwa angepitiliza kazini. Akamshika Mapengo mkono, wakaenda. Langoni mlinzi akaupekua mkoba.

"Mkasi wa nini huu, mama?"

"Wa kazi."

"Kazi gani?"

"Itajulikana," akajibu fundi, naye wakati huo hakuwa na maana yoyote.

Foleni ilikuwa ndefu nayo ilisogea kwa huruma ya Mwenyezi Mungu. Saa nne na nusu shujaa wetu akafika dirisha namba tatu, ngome ya karani ambaye watu wote walimwita Bwana Utaratibu, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia kuanzia salamu hadi kwaheri.

"Kwa utaratibu," akanena karani, "malalamiko huletwa na mwenye namba mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye huyu."

"Huyu mtoto. Mtoto huletewa malalamiko na mzazi wake."

"Mzazi ndiye mimi."

"Lakini kwenye mfumo ana miaka arobaini na mmoja. Mtu mzima haletewi malalamiko na mama yake."

Mapengo akasimama kwa ncha za vidole. "Lori langu rangi gani?"

"Halijaandikwa," akajibu karani kwa uzito wote wa cheo chake.

Watu wa foleni wakacheka. Fundi hakucheka. Aliogopa, tena sana: alimwona mwanawe akizeeka mbele ya dirisha lile, akikana ndoa asiyoifunga na ajali asiyoisababisha, huku mtu mwingine akiishi kwa jina lake bila wasiwasi. Ndipo akambeba, akamsimamisha juu ya kaunta, viatu na vumbi lake, akapaza sauti hata watu wa dirisha namba saba wakageuka.

"Ewe bwana mwenye mihuri mitatu na kalamu mbili! Nimemzaa huyu mwenyewe, nilikuwepo! Mimi hupima watu kutwa nzima, namjua mtu mzima na namjua mtoto. Kama huyu ana miaka arobaini na mmoja, basi mimi nina themanini, nipishe nikae kiti chako. Mapengo, fungua mdomo!"

Mapengo akafungua. Bwana Utaratibu akainama, akachungulia, na pale kwenye ufizi akaliona jino jipya likichomoza, dogo kama punje ya mchele. Katika utaratibu wote alioufahamu hapakuwa na dereva wa lori anayeota meno. Akaita mkubwa wake, mkubwa naye akachungulia, na saa tano na robo muhuri ukaanguka: namba ya zamani imefutwa, mpya imetolewa.

"Sasa mjifunze," karani akamhubiria. "Ninyi wazazi ndio mnaovujisha. Cheti kifungie kabatini. Anayetaka nakala, muulize ya nini. Picha usimtumie mtu." Fundi akaitikia kwa unyenyekevu, akimlaani mumewe kimoyomoyo. "Na jina lake limeshabandikwa ubaoni nje, pamoja na namba mpya. Ndio utaratibu."

Fundi akatoka. Ubaoni palikuwa na orodha mpya ya watoto: jina kamili, namba, tarehe ya kuzaliwa, jina la mama. Chini yake ilining'inia orodha nyingine iliyobabuka kwa jua, ya miaka sita iliyopita, na Mapengo alikuwamo, na namba yake ya kwanza, wazi kwa kila mpita njia. Pembeni yake kijana mmoja mtanashati alikuwa akipiga picha karatasi moja baada ya nyingine.

"Unamtafuta nani, kaka?"

"Mtoto wa dada yangu."

"Yupi?"

Kijana akazitazama zile karatasi, akatazama mkasi uliokuwa umekwisha toka mkobani, akakumbuka ana miadi mahali.

Kacha! Ukakatika ukanda wa karatasi wenye jina la Mapengo, upana wa vidole viwili, na hakuna upanga uliowahi kushuka kwa haki kuliko ule mkasi.

"Mama! Hiyo mali ya ofisi!" akafoka mlinzi.

"Ubao wa ofisi," akasema fundi. "Mtoto wangu."

Mama mmoja akamgusa bega. "Dada, nisaidie huo mkasi." Nyuma yake akasimama wa pili, kisha wa tatu, na hiyo ikawa foleni pekee iliyokwenda mbio siku ile.

Saa sita kasoro dakika tano Mapengo akaandikwa darasa la kwanza. Alilia kidogo kwa ajili ya lori. Jioni fundi akampakulia mumewe kwanza, kipande kikubwa cha nyama. Naye mume, mtu anayejua thamani ya amani, hakuuliza.

Iandikwe, basi, na isomwe na vizazi. Jumatatu ofisi ikachukua hatua kali za kuwalinda watoto: ikachapa orodha upya, ikaibandika palepale, na juu yake ikaweka tangazo lenye muhuri, "Ni marufuku kuingia na mkasi." Hilo ndilo sanamu pekee la ushindi ambalo fundi amejengewa, nalo lipo hadi leo.