Muhuri wa Kiazi

Hamdan alikuwa amesimama kwenye foleni ya posta mjini Nyeri bila barua wala kifurushi, kwa sababu foleni ni mahali pazuri pa kusikiliza shida za watu. Siku hiyo alisikia shida ya ajabu. Mama mmoja mzee mwenye sweta ya kijani alimhesabia kijana noti tatu za elfu moja, akapewa bahasha. Bahasha yenyewe ilikuwa kuukuu, tena tupu.

Hamdan alikuwa ameuza mengi maishani: dawa ya panya iliyonenepesha panya, miwani ya kusomea ambayo vioo vyake vilitoka dirishani, hata tiketi za mkutano wa bure. Bahasha tupu hakuwahi kuifikiria. Alimfuata mama yule hadi nje, akavua kofia.

"Shosho, samahani. Hiyo bahasha iko na nini ndani?"

"Haina kitu. Ni ya Thimlich Ohinga." Alimwonyesha stempu yenye ukuta wa mawe. Jina lake lilikuwa Magdaline, na kwa stempu alikuwa haambiliki. "Nakusanya zile mahali za urithi wa dunia. Stempu ikae kwa bahasha yake, na muhuri igongwe karibu na pahali penyewe. Lamu niko nayo. Fort Jesus niko nayo. Ile imenishinda ni huu mlima wetu. Nauona kila asubuhi nikifungua dirisha, na bahasha yake sina. Kulikuwa na kaposta kadogo karibu na geti ya mlima, kalifungwa kitambo. Mtu akiniletea muhuri ya huko, nalipa elfu ishirini."

"Basi Mungu amekusikia," akasema Hamdan. "Babu yangu alikuwa anabebea wageni mizigo huko juu. Kwetu ziko nyingi."

Huo ulikuwa uongo uliochanganywa na ukweli kidogo, aina aliyoipenda. Kwao ilikuwapo moja. Marehemu babu alimwandikia mkewe, nyanya Nadhira, barua moja tu maishani, kutoka huko mlimani. Nyanya aliiweka katika sanduku la bati chini ya kanga zake. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana huitoa, akaishika mkononi kidogo, akairudisha. Hamdan aliichukua Jumamosi bila kuomba, akijiambia kwamba kuazima kwa siku sita si kuiba.

Stempu za mlima zilizokwisha kutumika alizipata kwa fundi saa wa Karatina aliyekuwa nazo kopo zima. Kiazi alikinunua Gatitu, kiazi kigumu cha Mweiga, akakichonga kwa wembe akifuatisha muhuri wa barua ya babu. Bahasha alizipaka chai ya rangi akazianika. Kwa kuwa baridi ya Nyeri haina haraka ya kukausha kitu, aligonga nne Jumamosi, nne Jumapili na tatu Jumatatu, zote kwa kiazi kilekile, maana hakuwa mtu wa kuharibu chakula.

Jumanne walikutana posta, kwenye meza ya kubandikia stempu. Hamdan alipanga bahasha zake kumi na moja, na kando akaweka ya babu iwe kielelezo. Magdaline alivaa miwani, akatoa lenzi, kisha akatoa rula. Alipima kwa muda mrefu.

"Hizi zote ni muhuri moja?"

"Hiyo hiyo moja."

"Mbona hii ni nono na hii imekonda?"

"Baridi, shosho. Huko juu kila kitu inajikunyata."

"Hiyo ni kweli," akasema Magdaline. "Hata mimi nilijikunyata sana huko."

Hamdan hakuuliza alikuwa akifanya nini huko. Watu wenye maneno mengi hukosa nafasi ya kuuliza.

"Ni elfu ishirini kila moja," akasema.

"Ni elfu ishirini zote. Na unipatie ile ya kando kama nyongeza."

"Hiyo imechakaa. Iko na doa, na iko na karatasi ndani."

"Ndio maana naomba nyongeza. Nikinunua debe ya viazi naongezewa mbili juu. Wewe unanyima mzee bahasha ya doa? Basi rudi na zote."

Hamdan aliona aibu, tena aibu ya kweli. Akilini alimwona nyanya ameinamia sanduku, mkono unapapasa chini ya kanga. Kisha akaziona elfu ishirini, na akakumbuka kwamba macho ya nyanya hayaoni vizuri. Angemgongea nyingine.

"Sawa. Nitumie kwa simu."

"Mtu wa bahasha hulipa kwa bahasha. Naituma na barua ya rejista sasa hivi, ukiona. Hii anwani iko kwa bahasha ya doa ni ya kwenu?"

"Ni yetu kabisa."

Magdaline alihesabu noti ishirini mbele yake, akazitia katika bahasha kubwa, akampa mgongo kidogo aandike maneno mawili ya shukrani, akaibandika, akaipitisha dirishani. Hamdan alipewa risiti, akaibusu.

Jumatano alikitoa kiazi ili amgongee nyanya bahasha yake. Kilikuwa kimenyauka, na muhuri umebaki sawa na kifungo cha shati. Hapo ndipo alipoelewa kwa nini Magdaline alitoa rula. Lakini pesa zilikuwa kwenye rejista. Mwenyewe aliziona zikiingia.

Alhamisi alifika dirishani na risiti yake. Karani akasoma jina, akatikisa kichwa.

"Hii ni ya Nadhira. Aje mwenyewe na kitambulisho."

Hamdan alibembeleza mpaka foleni ikaanza kumzomea. Ijumaa asubuhi, kabla ya chakula cha mchana, alimleta nyanya kwa mkono, akimwambia kwamba kuna zawadi ya wazee. Nyanya akaweka dole gumba, akafungua. Zikatoka noti ishirini, karatasi ya zamani iliyokunjwa mara nne, na barua mpya.

Nyanya aliitambua ile ya zamani kwa vidole. Akaibana kifuani, kisha akampa Hamdan hiyo mpya.

"Nisomee. Kwa sauti."

Hamdan akasoma, foleni nzima ikisikiliza: "Kwa Nadhira. Mimi ndio niligonga muhuri kwa barua yako, nikiwa karani wa kaposta ka mlimani. Mzee wako aliazima kalamu yangu. Barua ni yako, nakurudishia. Bahasha nimebaki nayo, na elfu ishirini ndio bei yake, vile nilimwambia huyu kijana. Ikiwa haitoshi, njoo uichukue, niko Gatitu. Zile kumi na moja za kiazi, hizo ndizo nilihesabu nyongeza. Magdaline."

Nyanya alizisukuma noti ndani ya buibui, zote, hata ya nauli.

"Babu yako aliniambia karani wa huko alikuwa mzee mwenye ndevu," akasema taratibu. "Kumbe ujanja wako hukuuokota njiani."

"Nyanya, nisamehe."

"Nitakusamehe tukishakula. Gunia la viazi liko jikoni, na wembe unao."