Firewall na Picha za Mama Rispa

Jumatatu, 3 Machi 2025, Mbita
Leo Zadock atanitambua! Saiba yake, duka la kompyuta na uchapishaji, inatazamana na yangu, na programu anazochapisha za ratiba ya mazishi zina maua ya dhahabu mpaka watu wanazihifadhi ndani ya Biblia. Nimepata app ya bure mtandaoni yenye maua kama hayo. Maagizo: zima firewall kwanza, yaani ukuta wa moto, yule mlinzi wa kompyuta anayezuia wageni wa mtandaoni. Nimezima. Maua yametoka safi! Mteja wangu Rispa ameniletea kadi ya kumbukumbu ya simu ya marehemu mama yake, yenye picha za kuweka kwenye programu. Mazishi Ijumaa. Nimeiacha kadi kwenye kompyuta, nikaenda zangu kula omena.

Jumanne, 4 Machi
Ole wangu. Picha zote zimefungwa kwa nenosiri na mtu nisiyemjua wa mtandaoni, hata za kwenye kadi. Nimewasha firewall upesi. Nimesubiri. Hakuna kilichorudi. Nikampigia binamu yangu Dorine, fundi wa kompyuta kule Homa Bay. Akasema firewall huzuia anayetaka kuingia, haifufui kilichokwisha kuharibiwa, na kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Nikamjibu ukuta ndio huo nimeshawasha. Akakata simu.

Jumatano, 5 Machi
Rispa amepita kuuliza. Moyo ulitaka kusema ukweli. Mdomo ukasema kila kitu kiko sawa. Akakaa kwenye benchi, akaniambia polepole: "Bichage, mama hana picha nyingine. Watoto wangu watamjua kwa hizo tu."
Nimejiona mtu bure kabisa. Halafu akili ikanijia! Facebook! Dada wa marehemu, Mama Lynnet wa Karungu, ana picha huko, na wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Kitambaa kichwani, tabasamu, kila kitu. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Mama Lynnet amejua. Alikuwa kiti cha mbele. Akafungua programu, akajiona juu ya maneno "Pumzika kwa Amani". Akaifunga. Akaifungua tena. Kisha akataka wazee wa kanisa wamwombee hapo hapo, maana kumtangaza mtu hai hivyo ni mkosi. Programu zote zikakusanywa, zikachomwa nyuma ya jikoni. Maua ya dhahabu yote!
Rispa hakunigombeza. Aliuliza tu picha za mama ziko wapi. Nikamwambia. Akalia akishika mkono wangu, mimi niliyezipoteza. Afadhali angenichapa.

Sabato, 8 Machi
Kanisani sikuimba. Najuta, najuta kweli. Nimeapa mbele za Mungu: firewall haizimwi tena.

Jumapili, 9 Machi
Mungu ni mwema! Nimepata app inayofungua picha zilizofungwa. Ya bure kabisa. Nimemwandikia Rispa asilie tena, leo jioni atamwona mama yake. Amejibu papo hapo: anakuja na watoto, amewavalisha vizuri. Kadi nimeshaichomeka. Maagizo yenyewe ni mafupi: zima firewall kwanza.
Nimezima.