Chungu cha Marehemu Kunyimwa Umri

Mbalizi, Mbeya

Ndugu Msimamizi wa Vitu vya Kale, Iringa,

Mimi ni Mwanakhamisi, mjane, muuza vitenge. Mwezi uliopita nilisafiri hadi kwenu nimekipakata chungu cha kale alichoniachia marehemu mume wangu, Abdulkarim, ili mkionyeshe kwa watu pamoja na jina lake. Mtaalamu wenu, Bwana Asukile, alinipokea kwa heshima, kisha akanitendea haya:

1. Hakunishukuru kwa usafi. Nilikuwa nimekisugua masizi yote kwa waya wa sufuria. Akashika kichwa, akasema, "Mama, hayo masizi ndiyo yangetuambia walipika nini." Mimi sipeleki chungu kichafu kwa watu.

2. Aliuliza kilichimbuliwa wapi. Nikajibu Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu, na aliyekichimbua ni Saulo, rafiki wa marehemu. Akauliza shimo lipi, kina gani, kando yake palikuwa na nini. Nikamweleza palikuwa na vigae na mifupa, ila Saulo alivitupa kwa kuwa vilishavunjika. Akakaa chini. Kwenye fomu akaandika "mahali hapajulikani". Makongolosi panajulikana, mabasi yanakwenda kila siku.

3. Aligoma kutaja umri. Alisema huenda kina miaka elfu, huenda kilifinyangwa na bibi yake Saulo. Aliyasema haya mbele ya wageni.

Ndugu, chungu ni chungu, kiwe shimoni au mezani. Mahali hapakiongezei kitu wala hapakipunguzii. Kwa hiyo naomba kipewe miaka elfu moja. Sheria ikiwabana, nitaridhika na mia nane. Bwana Asukile ahamishiwe idara ya viazi, ambako kila kitu kina shimo lake. Yote yakishindikana, nirudishiwe chungu changu.

Nisalimieni wote ofisini, hasa dada wa mapokezi aliyenipa chai, na Bwana Asukile pia, maana hakunifokea.

Mimi, mpole ila sijaridhika,
Mwanakhamisi

Nyongeza: Mkikirudisha, dereva asikiweke popote tu. Kikae juu ya kabati la sebuleni, upande wa dirisha, mdomo uelekee mlangoni. Humo ndimo Abdulkarim alimokuwa akitia funguo zake akirudi kutoka msikitini. Mwaka jana binti yangu Nusrat alikihamishia jikoni, nikakipita siku tatu bila kukijua ni cha nani.