Kitu Kipya Hakivuliwi Nailoni

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeunda kompyuta. Kwa mikono yangu hii. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alishauri tununue iliyokwisha kuundwa. Nikamjibu kuwa hiyo ni njia ya wavivu. Akakohoa tu. Fundi friji atajua nini.

Ijumaa saa nne asubuhi mke wangu ana usaili wa kazi ya uhasibu, kazi ya kufanyia nyumbani, na watamhoji kwa kamera. Tangu kiwanda chao kifungwe amekuwa mnyonge, hata kuimba jikoni ameacha. Nimemwambia aniachie mimi.

Nimewasha. Imewaka! Kidogo tu, pu, giza. Mke wangu kaniuliza kama nimebandua nailoni zote. Swali gani hilo? Nyumba hii kitu kipya hakivuliwi nailoni. Sofa zina nailoni, rimoti ina nailoni, na marehemu mama kaacha godoro ambalo halijaguswa na ngozi ya mtu.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua. Soketi ya sebuleni ni mbovu. Nimeihamishia mashine jikoni, nikachomoa friji, nikawasha. Ikawaka, ikazima. Nimehangaika nayo mpaka jioni na friji nikaisahau. Nyama imeyeyuka, maji yamefika mlangoni. Mke wangu kachukua tambara, kapiga deki mpaka mlangoni. Shemeji kaja, kaichomeka friji ukutani, kasema mgonjwa amepona. Ananichokoza huyu.

Jumatano, 5 Machi
Siyo soketi, hata kwenye chumba cha wageni nilikoihamishia inazima vilevile. Ni ramu, vile vijiti vya kumbukumbu. Nimevichomoa, nimevisugua meno kwa raba, nimevirudisha vinang'aa. Ikawaka, ikazima. Nikafikiria joto. Nikaligusa lile pande la chuma lenye feni, linalokaa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine unaopata moto, ili kuipoza. Baridi kabisa. Basi joto si tatizo. Mimi sibahatishi, napima.

Kurudi sebuleni nakuta laptopu ya shemeji mezani. Mke wangu kaiazima, eti ya akiba. Bila kunishirikisha, ndani ya nyumba yangu! Niliketi kwa mshtuko mpaka nailoni ya sofa ikalia.

Alhamisi, 6 Machi
Mke wangu katoka kwenda kusuka nywele kwa ajili ya kesho. Nikapata wazo. Nichomoe ramu ya laptopu, niijaribu kwenye mashine yangu, niirudishe. Nani atajua?

Ramu yake fupi. Haiingii kwangu hata kwa kusukuma. Nilisukuma. Nikarudisha kila kitu, ikabaki skrubu moja na kitu kama utepe. Nikaiwasha laptopu. Kimya. Jasho likanitoka hadi kwenye nyayo. Nimeifuta alama za vidole na kuiweka ilivyokuwa. Skrubu ninayo mfukoni. Najua mficha uchi hazai, lakini acha kwanza nione kutakuchaje.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumbuka.

Saa tatu mke wangu kaiwasha laptopu. Kimya. Akanitazama. Nikasema huenda nduguye kaileta mbovu makusudi. Nikatoa leso nijifute jasho, skrubu ikadondoka sakafuni. Hakunigombeza. Machozi yalimlengalenga, akasema hii ndiyo nafasi pekee aliyoitiwa tangu kiwanda kifungwe, na mimi naifanyia mchezo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ili kumtuliza nikamweleza kuwa nimeshafika mbali kwenye uchunguzi, kwamba hata joto nimelipima na chuma ni baridi. Akageuka. Akaniuliza sufuria ikiwa baridi juu ya jiko linalowaka maana yake nini. Nikasema mapishi si fani yangu. Akasema maana yake kuna kitu katikati. Akachukua bisibisi, akaling'oa lile pande la chuma.

Chini yake, nailoni. Imeandikwa ibanduliwe kabla ya kufunga. Niliiona tangu Jumatatu. Niliiacha kwa heshima.

Akaibandua kwa kucha, akafunga, akawasha. Ikawaka. Ikaendelea kuwaka. Saa nne juu ya alama alikuwa anawaamkia wasaili, na mimi nimesimama nyuma ya mlango, nimeshika ile nailoni.

Jumapili, 9 Machi
Kapata kazi. Walimpigia jana, anaanza kesho. Leo kaimba jikoni, na moyo wangu umetulia. Kasema amenisamehe yote isipokuwa laptopu, hiyo nikamalizane na nduguye mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimeamka kabla yake ili nimfurahishe. Mashine inayolisha familia lazima ilindwe. Nimeivisha nailoni, mbele, nyuma, juu na ubavuni, nikaifunga kwa utepe wa gundi kila pembe. Chembe ya vumbi haipenyi. Hata hewa haipenyi. Marehemu mama angelia kwa furaha.

Mke wangu alipoiona alifungua mdomo aseme kitu, lakini saa ya kazi ilikuwa imeshafika. Akawasha. Bosi wake mpya akaanza kumkaribisha mbele ya wenzake wote. Katikati ya makaribisho, pu, giza.

Nimeshtuka vibaya sana. Sasa hivi ananiita kutoka chumbani, kwa jina langu kamili. Kuna mkono wa shemeji hapa, naapa. Nakwenda. Ila kwanza nichomoe friji, huenda ni soketi tena.