Vitundu vya Kupozea Masikio

Jumatatu, 4 Agosti

Siku ya kihistoria. Mjomba, mwenye duka la vifaa vya umeme, ameleta hedifoni za majaribio. Nyeusi, zina maiki na waya mrefu, na migongo yake iko wazi, imetobolewa vitundu kama chujio la chai. Ametukabidhi mimi na mdogo wangu, Chiriku, tuzipime kwa gemu na muziki. Jumamosi twende dukani, kila mmoja amweleze mteja halisi maoni yake. Atakayesaidia kuuza, hedifoni ni zake.

Chiriku amekataa kuzivaa. Ati zitamharibia nywele. Huu ni ushindi wa mezani. Nimemwonea huruma, kisha nimeacha.

Tayari nimegundua kazi ya vitundu: kupoza masikio. Ndio mwanzo wa tathmini yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Jaribio la gemu. Mimi kwenye kompyuta na hedifoni, Chiriku kitandani ubavuni kwangu na simu ya Mama, sauti imezimwa. Tunawindana ndani ya ghala lenye giza. Sijawahi kusikia kitu kama hiki! Hatua zake kushoto, sasa nyuma, sasa juu ya ngazi. Utadhani nina macho kisogoni.

Amenishinda usiku kucha. Kila nikijaza risasi, ananivamia palepale. Nimemuuliza anajuaje. Amesema, kaka, si unajitangaza mwenyewe. Bila shaka ananisoma usoni. Kesho nitakaza uso.

Jumatano, 6 Agosti

Uso umekazwa hadi mashavu yanauma. Nimeshindwa vilevile.

Muziki, lakini! Nimesikilizia sebuleni, Mama akiwa kwenye cherehani. Gitaa liko kulia, ngoma mbali nyuma, na mwimbaji nasikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti. Si hedifoni hizi, ni ukumbi. Besi ina adabu, inabisha hodi, haivunji mlango. Nimesimama kwa furaha nikasahau waya. Ukanirudisha kitini kama mbuzi wa kamba.

Jambo la kugusa: kila wimbo ulipobadilika, mguu wa Mama kwenye cherehani ulibadilisha mwendo. Alipomaliza upindo alikuwa anaimba kiitikio. Kiitikio kilekile! Damu ni nzito kuliko maji.

Dosari moja. Mama aliponiita nikaoshe masufuria, nilisikia kila neno. Hedifoni za hadhi hii zingepaswa kumlinda mtu.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango mpya: kunenepesha besi. Nimechukua pamba kwenye kapu la Mama nikaziba vitundu vyote. Matokeo ni mabaya. Mwimbaji sasa anaimba akiwa ndani ya pipa.

Lakini jioni, maajabu. Nimemshinda Chiriku, nikamshinda tena, nikamshinda mpaka nikaona haya. Alipapasa ghalani kama kuku jioni. Akanuna, akauliza nimefanya nini leo.

Msomi hutafuta chanzo. Kilichobadilika leo ni pamba na shati la bluu. Pamba imeharibu sauti, kwa hiyo haiwezi kuleta heri. Basi ni shati.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimetoa pamba, nimevaa shati. Nimepigwa vibaya. Nimechunguza na kubaini kwamba Mama alilifua shati asubuhi. Sasa kila kitu kinaeleweka.

Jumamosi, 9 Agosti

Dukani. Mteja alikuwa kijana fundi saa, mpole, anayetafuta hedifoni za nyumbani. Nilisoma tathmini yote, nikianzia na umbo la sikio la binadamu. Nilipofika kwenye vitundu vya kupozea masikio, Mjomba alipatwa na kikohozi. Mteja alianza kutazama feni.

Akaja Chiriku, hana hata karatasi. Akamwambia mteja kwamba kwa gemu zinafaa, maana kaka yake humsikia hata akinyata. Muziki mtamu, besi si nzito. Ila mtu akikaa ubavuni kwako atasikia kila unachosikia wewe, mpaka risasi zikiisha. Yeye mwenyewe amezipima hivyo juma zima bila kuzivaa. Kama unaishi na watu, acha. Kama unaishi peke yako, chukua.

Mteja akacheka, akasema anaishi peke yake. Akalipa.

Hedifoni za majaribio amepewa Chiriku. Mjomba akanishika bega, akaniambia, mpwa wangu, vitundu vinaachia sauti, ndiyo maana unaisikia pana hivyo, na ndiyo maana inavuja. Nimemsikiliza kwa heshima. Sikubaliani naye.

Jumapili, 10 Agosti

Ugunduzi mkubwa! Leo Chiriku amevaa hedifoni, mimi nimekaa ubavuni kwake na simu ya Mama, sauti imezimwa. Sijavaa kitu, lakini nasikia hatua. Nasikia akijaza risasi. Ni dhahiri kwamba juma la utafiti limeninoa masikio. Nimemshinda kila mara.

Nimemtaka marudiano kesho. Nikishinda, hedifoni zinarudi kwangu. Nikishindwa, nitamfulia sare za shule muhula mzima. Amekubali kabla sijamaliza sentensi. Amesema tu kwamba kesho atachomoa waya, azime sauti na kucheza kimya.

Maskini. Amekwishakata tamaa.