Ingénieur Théophile na Vyuma vya Mshazari

Mtu akikosa mshahara miezi kumi na tisa, macho yake hujifunza kuona. Wengine mjini Likasi waliona shamba la mahindi palipokuwa na maua ya wakubwa, wengine waliona kuni palipokuwa na milango. Théophile yeye aliona chuma. Asubuhi moja ya Novemba, mwaka wa tisini na nne, alikuwa anasukuma mkokoteni wake kando ya soko dogo la Kikula, magurudumu yakilia kama nguruwe mwenye njaa, mara akasimama na kuvua kofia, jinsi watu wanavyovua jeneza likipita. Mbele yake kulikuwa na hangar ya Mama Hortense, banda la wamama wauzaji aliowaongoza.

Hangar yenyewe haikuwa na fahari. Nguzo nne za chuma, kila moja imeshikwa kwa bulon, skrubu nene ya nati, moja chini na moja juu. Juu yake mabati makuukuu. Ndani yake wamama tisa wakiuza unga, sombe ya majani ya muhogo, chumvi na samaki thomson. Lakini kila upande, kutoka pembe ya juu hadi mguu wa nguzo ya pili, kilipita chuma kimoja kirefu cha mshazari, kinene, kilichopakwa mafuta ya mawese kila Pasaka. Pande nne, vyuma vinne.

Na Théophile alikuwa tayari na kumi na viwili kwenye mkokoteni, chini ya gunia, alivyovipata huku na kule kwa njia ambazo si adabu kuzisimulia. Samy, dereva wa lori la vyuma chakavu, alikuwa amemwambia waziwazi: vyuma kumi na sita kabla ya saa kumi, nawe unapanda mbele, karibu yangu, mpaka Lubumbashi, na huko kuna kazi ya kulinda depo, kazi ya kula kila siku. Kikipungua kimoja, baki na Likasi yako.

Akairudisha kofia kichwani. Ilikuwa kofia ngumu, nyeupe, ya wakubwa. Kwa miaka saba Théophile alikuwa mpeleka-barua katika ofisi ya michoro. Ofisi ilipofungwa alijilipa pensheni mwenyewe: kofia hiyo, timazi ya shaba yenye uzi wake, na bunda la karatasi za buluu zenye mchoro wa choo cha umma.

"Banamama, jambo yenu!"

"Jambo, papa. Unga ama samaki?" aliuliza Princesse, muuza thomson, mwanamke mrefu mwenye nundu kwenye paji la uso.

"Hapana, mama. Minye ni Ingénieur Théophile, wa Projet ya Kusimamisha Masoko." Akakunjua choo chake hewani. "Nimetumwa kuangalia kama hii hangar itawaua."

Wamama wakaacha kupima unga. Princesse peke yake alinyoosha shingo kuelekea mkokoteni.

"Na ile byuma chini ya gunia?"

"Ya Projet," alijibu Théophile bila kumeza mate. "Imeandikwa hapa, article ya kwanza: byuma yote yenye kukusanywa itapewa soko yenye kuihitaji." Alisoma polepole, kidole kikipita juu ya bomba la maji machafu.

Kisha akaanza somo lake, na haki yake apewe, alisomesha vizuri.

"Muangalie. Chuma chenye kusimama, kinabeba. Chenye kulala juu, kinabeba. Sasa hiki cha upande? Hakisimame, hakilale. Kiko naegemea tu, kama chef ya ofisi kisha kula! Na kazi yake ni nini? Kuwapiga ku kichwa." Akamwelekeza kidole Princesse, naye akagusa nundu yake. "Tutoe hii ine, mutapata nafasi ya meza mbili tena."

Meza mbili! Hapo hapo ugomvi ukawaka. Muuza chumvi alisema meza moja ni ya dada yake, Princesse akasema afe kwanza, na mama wa sombe tayari alikuwa anapima ardhi kwa nyayo. Théophile alitabasamu. Watu wakianza kugawana kitu ambacho hakipo, kazi ya mjanja imekwisha. Kinachobaki ni kubeba.

Mama Hortense alikuwa kwenye kigoda chake, anachekecha unga. Hakuwa mtu wa haraka. Aliinuka, akakwaruza chuma kimoja kwa ukucha, akafunua gunia la mkokoteni kidogo, akalifunika.

"Ingénieur, tunakubali. Lakini weye mutu ya michoro unajua desturi. Marehemu bwana yangu alikuwa anasimamisha miti chini ya udongo, ku machimbo ya Kambove. Kule, mwenye kugusa miti ni yeye anakulaka wa kwanza chini yake. Bukari nzima, mpaka sahani yeupe. Asipomaliza, kazi haikubaliwe."

Hapa ukweli lazima usemwe, maana uongo umeshakuwa mwingi. Desturi hiyo haikuwahi kuwepo Kambove wala penginepo. Na yule marehemu wiki ile alikuwa Mulungwishi, mzima wa afya, anapiga randa, kwa kuwa alikuwa fundi wa vitanda. Lakini ingénieur wa uongo atasemaje kwamba hajui desturi ya wachimbaji?

"Ah, ile!" alisema Théophile. "Ku ofisi tulikuwa tunaifanya kila Alhamisi."

"Nilijua," alisema Mama Hortense, akaweka sufuria ya ugali motoni.

Wamama walitoa meza zao zote nje, kwa amri yake. Théophile akafungua bulon moja baada ya nyingine, akashusha vyuma vinne na kuvilaza juu ya wenzake. Kumi na sita. Hangar ikabaki imesimama, kwa sababu hapakuwa na upepo, na kwa sababu kutu ya bulon za nguzo ilikuwa bado inasaidia. Tayari alikuwa ameshika mipini ya mkokoteni alipoitwa.

"Bukari imeiva, Ingénieur. Katikati pale."

Alikaa mbele ya sahani ya ugali na thomson mzima. Mama Hortense akaazima timazi yake, akaifunga kwenye boriti, ikaning'inia juu ya sahani, ncha yake ikilenga barabara jicho la samaki.

"Ya nini, mama?"

"Ya kupamba."

Alikula tonge la kwanza haraka, saa kumi ikiwa akilini. La pili pia. Alipofika la tatu upepo wa mvua ukashuka kutoka milimani, na juu yake kitu kikasema *kriii*. Théophile akatazama chini. Timazi haikuwa tena juu ya jicho. Ilikuwa juu ya shavu.

"Samaki anatembea?" aliuliza Princesse kutoka nje. Alikuwa ameshika mchi. Wamama wote tisa walikuwa wamezunguka hangar, na kila mmoja alikuwa ameshika kitu.

"Ni upepo unasukuma uzi."

"Ile shaba yote?" alisema Mama Hortense. "Kula, baba, bukari inapoa."

*Kriii.* Timazi ikafika kwenye pezi. Jasho likamtiririka chini ya kofia. Alikuwa amebeba michoro miaka saba, na hakuona hata mmoja usio na mistari ya mshazari. Kwa nini, hakujua. Lakini wazungu walioichora walikuwa wachoyo wa chuma, wasingeiweka bure. Akikimbia, mchi. Na baada ya mchi, polisi, na baada ya polisi, gereza la Buluo. Akikaa, mabati.

Mama Hortense alichuchumaa nje, mahali salama, akaongea kwa upole kama anayelaza mtoto.

"Miti ine, Ingénieur, inaweza kulala chini bila kuvunjika hata mumoja. Unaisukuma tu, inalala. Lakini ukiongeza mumoja ya upande, inakuwa pembe tatu mbili. Pembe tatu hailale mpaka mufupa yake moja ikatike. Kitanda chenye haina muti ya upande, arusi inakiangusha siku ya kwanza. Chenye iko nao, kinazaa batoto kumi."

"Marehemu alikuwa wa machimbo ama wa vitanda?"

"Kula, Ingénieur."

Kriii ya tatu ilikuwa ndefu. Timazi ikagusa tumbo la samaki, na Théophile akaruka na tonge mkononi.

"Banamama! Hesabu imebadilika! Upepo ya Kikula si sawa na ya ofisi! Leteni ile ine!"

Walimletea upesi. Aliegemeza nguzo kwa bega, akafunga cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne. Hangar ikanyamaza. Akajipangusa, akanyemelea mkokoteni.

"Na ile kumi na mbili?" aliuliza Mama Hortense.

"Ile ni ya Projet, mama, ni ya masoko yenye ku..." Akasikia sauti yake mwenyewe, akafunga mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Hapa si soko?" alisema Princesse. "Ni hospitali?"

"Article ya kwanza!" alipaza muuza chumvi.

"Yenye kuihitaji!" wakaitikia wengine, kama kwaya ya Jumapili.

Théophile alitazama michi, akatazama njia. Kisha akapanda tena. Vinne akavipitisha kinyume cha vile vya kwanza, kila upande ukapata msalaba. Vinane akavifunga kwenye pembe za juu, vingine kwa bulon, vingine kwa waya. Mama Hortense alisimama chini akionyesha kwa mwiko: hapa, pale, kaza, kaza tena, usinidanganye. Cha mwisho kilipofungwa mvua ikaanguka, ile mvua ya Novemba inayosomba kuku, na upepo ukapiga hangar kwa nguvu zake zote. Haikutikisika hata unywele. Wamama wakarudisha meza zao, zilezile tisa, na Théophile akajibanza katikati yao, mkokoteni mtupu ukijaa maji nje.

Saa kumi kamili lori lilipiga honi. Samy akashuka mbio, koti kichwani, akaingia chini ya mabati. Alikung'uta maji, akainua macho, akapiga mluzi. Aliushika mmoja wa misalaba, akausukuma, akausukuma kwa mguu.

"Eh, hii ni kazi ya mutu! Naweza kuegesha lori juu yake. Mwenye kujenga hii ningemupeleka Lubumbashi leo leo, bure, akanijengee depo. Ni nani?"

Théophile akajinyoosha, kifua mbele.

"Ni minye. Kwa hii mikono yangu."

Samy alimtazama, akatazama mkokoteni mtupu, akacheka mpaka akashika meza ya thomson.

"Weye? Théophile, rafiki yangu, ungengoja hata mvua ipite kwanza, ndipo uanze uongo."

Mama Hortense, aliyejua ukweli wote, aliendelea kuchekecha unga wake.