Darasa Langu Lafungua Moyo

Jumatatu, 7 Machi 1977

Nimerudi kutoka semina ya Chicago nikiwa mtu mpya! Kumbe mwalimu hatakiwi kufundisha. Anatakiwa kujali utu wa mwanafunzi. Wanafunzi wanakaa duara, kinasa sauti katikati. Mwenye lake moyoni ananinong'oneza kwa Kiingereza, nami namnong'oneza tafsiri yake kwa Kihispania, lugha ninayofundisha, naye anaisema kwa sauti. Hakuna kitabu! Hakuna kusahihisha madaftari! Nafasi ya mkuu wa idara ya lugha hapa katika shule yetu ya jioni, mjini Toledo, iko wazi, na Ijumaa mkurugenzi Ostrander anapita madarasani kuchagua. Mpinzani wangu, Lorraine Huebner, bado anakaririsha watu vitenzi. Maskini.

Jumanne, 8 Machi

Duara la kwanza, na watu wanapiga miayo tu. Nikawaambia waseme lolote linalowakera, nitasikiliza kwa upendo. Duane, fundi wa kiwanda cha vioo, akasema kiti kinamuumiza. Safi! Bi Wilma, mjane muuza maua, akasema kinachomuumiza yeye ni mwalimu. Eti najipenda mno. Na mtafsiri ni mimi! Nikatafsiri. Utu ni utu.

Alhamisi, 10 Machi

Darasa zima linanisema. Watu waliokuwa wakipiga miayo leo wanagombea zamu! Duane kasema nanuka vitunguu ninapomnong'oneza. Akakosea kitenzi, nikamrekebisha. Kama ni kunisema, aniseme kwa ufasaha. Neno la "mzembe" nimewapa mwenyewe, lao lilikuwa dhaifu. Inaniuma, sikatai. Lakini Kihispania kinatiririka, na Ostrander hajui hata neno moja. Atasikia utamu tu. Ukuu ni wangu!

Ijumaa, 11 Machi

Nimekwisha. Ostrander kaja na mkewe. Mkewe ni wa Puerto Rico, Kihispania ni lugha yake ya kuzaliwa! Mama wa watu alicheka mpaka akatoa leso, akamtafsiria mumewe yote, na vitunguu humo humo. Nikakimbilia kuzima kinasa sauti. Duane akanishika mkono: "Tulia bwana, Mwalimu, bado sijamaliza kufungua moyo!" Halafu Bi Wilma akasimama, bila kunong'onezwa na mtu, akaomba kwa Kihispania wahamishiwe kwa Bi Huebner. Hakukosea hata neno. Nikalengwalengwa na machozi, nusu ya uchungu, nusu ya fahari.

Jumatatu, 14 Machi

Ukuu kapewa Lorraine. Darasa langu kapewa Lorraine, na duara lake. Ostrander kaniita ofisini, akaniambia kwa upole kwamba mbinu ni nzuri sana, tatizo ni mimi, nijifunze kuwasikiliza watu. Mengine sikuyasikia, nilikuwa nawaza. Na kosa nimeligundua: ni Kihispania! Nimeomba nianzishe darasa la Kijerumani. Ostrander hakijui. Mkewe hakijui. Hata mimi sikijui, kwa hiyo wakitaka kunisema safari hii, hawatapata wa kuwatafsiria.